Nyumba Iliyoligeuzia Zizi Mgongo

Jina lake aliliandika kwa simiti, herufi ndefu kama mkono kutoka kiganja hadi kiwiko: ELKANA MJENZI BORA, RANGWE, 1996. Ukitoka Migori kwenda Isebania ungelisoma kabla hujajua kama jengo lile ni nyumba au ghala. Nyumba ilikuwa ya Bhoke, mjane wa Mniko. Jina lilikuwa la fundi. Ukuta wote wa barabarani, na hakuna hata kokoto moja iliyomtaja mwenye nyumba.

Mimi mambo ya namna hiyo siyasahau. Mwaka wa 1971 mtu mmoja alipanda juu ya meza ya mwalimu shuleni kwetu akatuahidi daraja. Daraja bado, lakini rangi ya soksi zake naikumbuka: kijani, na ya kushoto ilikuwa na tundu. Kwa hiyo asinishangae mtu kwamba ya Elkana nimeyaweka, neno kwa neno, pamoja na karatasi zake.

Naitwa Wangwe. Miaka hiyo nilikuwa napiga taipu kwenye kibaraza cha duka moja linalotazamana na mahakama ya Migori. Sheria sikuisomea chuo chochote. Niliisoma kwa vidole. Miaka kumi na minne niliwapigia watu madai, viapo na majibu ya madai, na kila karatasi iliyopita kwenye mashine ile iliniachia kitu kichwani. Mawakili waliniita Wakili wa Kibarazani wakidhani wananitukana. Marehemu Mniko alikuwa rika langu, tulitahiriwa msimu mmoja, na kwetu Wakuria hilo lanifanya shemeji wa mkewe, nipende nisipende.

Mniko alikufa akiiongelea nyumba. Kila mwaka aliijenga kwa mdomo, dirisha kwa dirisha, na kila mwaka jambo liliingia kati. Alipozikwa kando ya lango la zizi lake, Bhoke hakusema mengi. Aliuza wimbi na mahindi kwa miaka minne mpaka soko la Rodi Kopany, na huko ndiko alikoona safu ya maduka mapya, imenyooka kama imekatwa kwa kisu, na juu yake jina la Elkana kwa simiti. Mwezi wa sita akaniletea habari kibarazani.

"Shemeji, nimepata fundi. Kazi yake imeandikwa jina."

"Jina si mkataba," nikamwambia. "Mlete hapa."

Elkana alikuja na kofia safi na tepu ya kupimia imening'inia kiunoni kama upanga. Mtu mcheshi, mzee wa kanisa la Sabato kule kwao Rangwe, anasalimia kila mtu hadi mbwa. Nilipomwekea mkataba wa kurasa sita mbele yake, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Omera, ndugu yangu, mimi najenga nyumba au najenga serikali?"

"Soma."

"Nimesoma."

"Umefungua ukurasa wa kwanza tu."

"Mtu akiwa na haraka ya kujenga hasomi, anajenga," akasema, akaweka sahihi kila mahali nilipomwonyesha. Bhoke akaweka dole gumba. Mimi nilihakikisha kifungu cha nne kimesomwa kwa sauti, na shahidi, mwenye duka, anasikia: mlango mkubwa, wa mbao mbili, pamoja na veranda yake, utazame lango la zizi la marehemu Mniko.

Kifungu hicho ndicho kilichokuwa roho ya mkataba. Katika ukoo wa Mniko, binti akiposwa, ng'ombe wa mahari huingizwa zizini na mama mzaa binti akiwa amesimama kwenye mlango wake mkubwa. Yeye awaone ng'ombe, ng'ombe wamwone yeye. Hapo ndipo wanakuwa wa nyumba yake. Nyangi, kifungua mimba wa Bhoke, alikuwa tayari ameposwa na watu wa upande wa Kehancha, na siku ilikwisha pangwa: Alhamisi, tarehe kumi na tisa Desemba.

Kazi ikaanza mwezi wa nane. Nyumba ya zamani ikabomolewa kupisha msingi, Bhoke akahamia kwenye jiko la nyasi. Wiki ya pili tu akaitwa Tarime, mama yake amelazwa. Akaniachia kazi ya kusimamia.

Nami nilisimamia, na aibu yangu naiandika hapa mwenyewe kabla mwingine hajaniandikia. Nilikwenda mara moja. Kuta zilikuwa zimefika magotini. Nikaona pengo kubwa upande wa barabara, nikapita. Mafundi wa kwetu wote huacha pengo la kupitishia wilbaro, halafu huliziba mwishoni. Nikajiambia ni la wilbaro. Nikanywa chai yao, nikarudi zangu Migori kumpigia mtu kiapo. Nililitazama kosa usoni, nikaliona ni njia ya wilbaro.

Bhoke alirudi mwisho wa mwezi wa kumi, mama yake akiwa amepona. Alinipitia kibarazani tukaenda pamoja. Elkana alikuwa akitungoja amevaa ile kofia. Mabati yanang'aa, kuta zimenyooka, na lile jina limeelekea barabarani kama bango la sinema. Chini ya jina kulikuwa na mlango wa mvule, mbao mbili, na veranda nzuri ya nguzo nne. Bhoke alizunguka nyumba polepole. Upande wa zizi alikuta mlango mdogo wa jikoni, kidirisha cha bafu, na bomba la maji machafu limelenga moja kwa moja pale Mniko alipolala.

"Karibu, min Nyangi," Elkana akasema, akimwita mama Nyangi kwa Kiluo chake. "Nyumba ndiyo hii."

"Mlango uko wapi?"

"Si huo hapo? Mvule mtupu."

"Huo ni wa barabara. Nauliza wangu."

Elkana akaondoa kofia, akaitazama ndani, akairudisha. "Mama, nyumba nzuri hutazama watu. Nani aliwahi kujenga nyumba ya mabati ikatazama mavi ya ng'ombe?"

"Mimi," Bhoke akasema. "Anayejenga ni mimi. Wewe umeshika mwiko tu."

"Basi hamisheni zizi. Si ni miti tu?"

"Tulihamishie upande wa mlango wako? Hapo pana lami. Ng'ombe walale barabarani, lori ziwaamshe asubuhi?"

Mafundi wake wakacheka, akawakemea kwa Kiluo. Mimi nikautoa mkataba kwenye mfuko wa koti, nikamsomea kifungu cha nne. Akasema vifungu ni vingi duniani. Nikamsomea tena. Akasema malipo ya mwisho yakitoka, funguo zitatoka. Akafunga kufuli tatu, akatia funguo mfukoni, akaondoka na watu wake kwenda Rangwe. Ilikuwa Ijumaa na jua linashuka, naye hakutaka Sabato imkute njiani.

Tulikaa jikoni kwa Bhoke, moshi unatutoa machozi bila ruhusa yetu. Nyangi akatia maji ya ugali. Mimi nilikuwa nimewaka. Nilikuwa nikiwaona wote waliowahi kutudanganya wamejipanga pale mlangoni, wa daraja, wa zahanati, wa bei ya tumbaku, na Elkana amewashikia kofia zao.

"Kwanza," nikamwambia Bhoke, "usiingie nyumba ile."

"Funguo anazo yeye. Nitapitia bombani?"

"Hata ukipata njia. Usivunje kufuli. Ukilala mle usiku mmoja, kesho atamwambia hakimu umeikubali ilivyo."

"Na pesa ya mwisho?"

"Isitoke. Hiyo ndiyo kamba ya puani."

"Halafu?"

"Halafu barua. Nampa siku kumi na nne arekebishe. Akikataa, sheria inakuruhusu kumwita fundi mwingine, Onyancha yule wa Suneka, ahamishe mlango, na gharama yote tumdai Elkana kortini. Au tumwombe hakimu amlazimishe Elkana aifanye kwa mkono wake."

Bhoke akakoroga moto. "Onyancha atanifanyia kazi angoje hakimu aseme ndipo alipwe?"

Hapo sheria huwa inakohoa na kutazama pembeni.

Ndipo Boaz akapiga hodi. Boaz ni ndugu mdogo wa Mniko, boma lake liko ng'ambo ya mto, na habari mbaya humfikia haraka kuliko nzuri. Aliingia akiwa na uso wa kuomboleza ambao haukufika machoni.

"Mke wetu, nimesikia. Pole sana. Lakini usijisumbue. Ng'ombe wa Nyangi wanaweza kuja kwangu. Mlango wangu unatazama zizi."

"Asante, shemeji."

"Ni kwa muda tu."

"Muda wa ng'ombe ni upi, shemeji? Wa kuzaa mara ngapi?"

Nyangi akaangua kicheko, akajifanya moshi umemkaba. Boaz hakucheka. Sisi sote mle jikoni tulijua: ng'ombe akipokelewa kwenye mlango wa mtu, akalala zizini kwa mtu, kumtoa ni vita ya wajukuu. Na mjane ambaye ng'ombe wa binti yake wamelala kwingine, hata sauti yake bomani hulala huko. Mniko alijua hivyo. Ndiyo sababu aliuongelea mlango miaka yote ile.

"Hata hivyo," Boaz akasema akiinuka, "mlango mbovu si kosa langu. Mimi nasaidia."

Barua niliipiga usiku huohuo kichwani na kesho yake kwenye mashine. Nilifurahia kila mstari, naona haya kusema. Niliipeleka posta kwa rejista. Siku kumi na nne zikapita, kimya. Nikaandaa hati ya madai, Bhoke akaiwasilisha kortini. Karani wa mahakama alinijua vizuri. Akapekua daftari lake, akatafuta, akalamba kidole, akatafuta tena.

"Tarehe kumi na nane Machi."

"Ng'ombe wanakuja Desemba," Bhoke akamwambia.

"Mama, hao ng'ombe hawajanipa taarifa."

Tulitoka nje. Nilianza kumwambia habari ya kuomba amri ya haraka, na kama hilo lingeshindikana kumwona D.O., mkuu wa tarafa, na kama hilo pia lingeshindikana kumwandikia mkubwa wa D.O. Bhoke alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama unavyosikiliza mvua juu ya bati.

"Shemeji," akasema, "huyu mtu, kwa nini aligeuza nyumba?"

"Dharau."

"Hapana. Hanidharau mimi. Alinipikia chai siku ya kuchimba msingi. Fikiria."

Nikafikiria dharau ya aina nyingine.

"Jina," akasema Bhoke. "Upande wa zizi hakuna wa kulisoma. Aligeuza nyumba yangu yote ili jina lake lione barabara. Hata mimi nilimpata kwa jina. Ukutani kule Rodi Kopany." Akafunga leso yake vizuri. "Chokaa inauzwa wapi?"

Kesho yake nilimkuta Nyangi juu ya ngazi, ndoo ya chokaa mkononi. Alikuwa amemaliza Fomu Foo na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Chini ya ELKANA MJENZI BORA tayari alikuwa ameandika NI MW, akanyanyua brashi kuendelea.

"Shuka," nikamwambia. "Futa hiyo."

"Baba mdogo, si ni mwizi?"

"Mwizi ni neno la hakimu. Ukiliandika wewe, atatushtaki kwa kumchafulia jina na atashinda, na mimi nitakuwa wa kwanza kumwambia ana haki. Andika ukweli mtupu. Ukweli haushtakiki."

Bhoke alikuwa chini ameshika ngazi. "Basi andika mlango uko nyuma. Mbele ya nyumba yangu ni zizini. Hilo ni kweli, hata kipofu atalipapasa."

Tukabishana mpaka chokaa ikaanza kukauka ndooni, na mwisho ukuta ukasema hivi, kwa weupe, wazi, bila tusi: AMEJENGA MLANGO NYUMA. MKATABA TUNAO. KARIBU USOME. Nakala ya ukurasa wenye kifungu cha nne niliitia kwenye karatasi ya nailoni, Bhoke akaitundika kwenye mti wa uzio.

Na watu wakakaribia, wakasoma. Siku ya kwanza walikuwa wapita njia. Siku ya tatu gari zilipunguza mwendo. Wiki haijaisha, makanga wa matatu wakaanza kutangaza kituo ambacho hakikuwako: "Mlango Nyuma, wa kushuka Mlango Nyuma!" Abiria mmoja wa kwenda Sirari alishuka kwa makusudi, akazunguka nyumba, akathibitisha, akapanda gari lingine. Mama mmoja akaanza kuuza chai chini ya mti wa mkataba. Na habari, kama kawaida yake, haikulipa nauli: ikafika Awendo, ikafika Rongo, ikapita Rodi Kopany, ikaingia Rangwe siku ya soko.

Barua ya wakili ikafika kibarazani wiki ya mwisho ya Novemba. Wakili Mogaka wa Homa Bay, kwa niaba ya mteja wake Bwana Elkana, alitutaka tufike ofisini kwake Jumanne, la sivyo angetushtaki kwa kumchafulia mteja wake jina. Niliisoma mara tatu. Sijui kama nimewahi kupata barua nzuri kama ile.

"Unacheka nini?" Bhoke akauliza.

"Ameshika mkia wa ng'ombe akidhani ni kamba."

Ofisi ya Mogaka ilikuwa juu ya duka la nyavu, dirisha limeelekea ziwani, harufu ya samaki wabichi inapanda ngazi pamoja na wateja. Mogaka alikuwa mtu mnene mwenye miwani na bakuli la njugu. Elkana alikuwa amekaa pembeni, kofia magotini, amekonda kidogo. Alimsalimia Bhoke kwa heshima, mimi akanipa vidole viwili.

"Mteja wangu anaumia," Mogaka akaanza.

"Eleza mwenyewe," Bhoke akamwambia Elkana.

Elkana akakohoa. "Mama, kamati ya shule kule kwetu walikuwa wananipa madarasa mawili. Nimefika, mwenyekiti ananiuliza, wewe ndiye Mlango Nyuma? Nikasema mimi ni Elkana. Akasema ndiyo, yeye huyo. Sabato iliyopita mchungaji amesoma habari ya mlango mwembamba. Kanisa zima likageuka kunitazama. Mke wangu pia akageuka."

Mogaka alijitahidi kutafuna njugu bila kutabasamu. Akanigeukia. "Na wewe ndiye uliyeandika haya maneno ukutani?"

"Chokaa ni ya binti. Maneno ni ya mkataba."

"Mkataba upi? Mteja wangu ameniambia walielewana kwa mdomo."

Nikautoa. Kurasa sita, sahihi sita, dole gumba sita. Mogaka akausoma kuanzia mwanzo bila haraka, na kadiri alivyosoma mkono wake ulilisahau bakuli. Alipofika ukurasa wa pili akavua miwani.

"Bwana Elkana, hii sahihi ni yako?"

"Inafanana."

"Inafanana na ya nani mwingine?"

Elkana akatazama ziwa.

"Kifungu cha nne," Mogaka akasema, akakisoma kwa sauti mpaka neno zizi. "Sasa niambie, mlango mkubwa unatazama wapi?"

"Barabara."

"Na huko ukutani wameandika nini?"

"Kwamba nimejenga mlango nyuma."

"Umejenga wapi?"

"Nyuma," Elkana akasema kwa sauti ya chini kabisa.

Mogaka akarudisha miwani. "Sasa nikuambie kama wakili wako, na hili ulilipie kwa moyo mweupe. Ukienda kortini kwa kuchafuliwa jina, huyu mama ataomba kitu kimoja tu, hakimu apande gari akaione nyumba. Hakimu akishuka, makanga atamtangazia kituo. Hapo kesi yako imekwisha kabla hajavuka mtaro. Halafu kuna hii yake ya Machi. Atalipwa gharama ya kuhamisha mlango, na gharama ya kesi, na hiyo njugu yangu pia utainunua wewe."

"Nifanye nini?"

"Jenga ulichotia sahihi."

Nilikuwa na hotuba tayari, naikumbuka hadi leo, ilianza na daraja la 1971. Bhoke aliniwekea mkono kwenye mkono wangu, hotuba ikabaki nilipoibeba.

"Elkana," akasema, "niambie ukweli mmoja tu, nirudi nao nyumbani. Kwa nini?"

Elkana aliizungusha kofia magotini. "Mama, zizi halina msomaji. Ile barabara inabeba Nairobi nzima na Mwanza nzima. Nilisema, huyu mama atapata nyumba nzuri, na mimi nitapata jina. Nikaona hakuna anayeumia. Ukimwonyesha mtu mlango wa mvule atalalamika?"

"Nimelalamika."

"Nimeona. Kwa chokaa."

Mogaka akaandika makubaliano palepale, nami nikayahakiki, akanivumilia. Elkana ahamishe mlango mkubwa na veranda upande wa zizi kwa gharama yake, ahamishie bafu upande wa barabara, bomba lake lisiende kaburini, azibe tundu la mlango wa zamani, na amalize tarehe kumi na tano Desemba. Bhoke afute chokaa siku funguo zitakapofika mkononi mwake, malipo ya mwisho yatoke siku hiyohiyo, na kesi iondolewe kortini, ada yake ikirudishwa na Elkana. Nikadai iandikwe kwamba Jumamosi, Sabato yake, si siku ya kazi. Elkana akanitazama kwa mara ya kwanza kama binadamu.

Alikuja na watu watano na hakushinda amesimama. Alivua shati, akabomoa ukuta wa upande wa zizi kwa mkono wake. Watoto wa shule walikuja kutazama wakiimba Mlango Nyuma, naye siku ya tatu akaanza kuitikia. Nguzo za veranda alizihamisha nzima, moja baada ya nyingine, kama anahamisha wagonjwa. Kazi yake ilikuwa safi. Hilo nalikiri, na kukiri kwangu si kwa kawaida. Boaz alipita mara mbili kutazama maendeleo, na kila mara alikuta maendeleo ni mazuri, akaondoka na huzuni yake.

Tarehe kumi na tano jioni, lipu ikiwa bado mbichi, Elkana alimwendea Bhoke ameshika mwiko.

"Min Nyangi, jina langu kule barabarani nimelipiga nyundo lote. Sasa huku, juu ya mlango..."

"Hapana," nikasema.

"Si wewe nauliza, omera."

Bhoke alifikiri. "Liandike. Lakini dogo. Na liwe chini ya la Mniko."

"Huku atalisoma nani?"

"Ng'ombe. Wanakuja Alhamisi, uje uwaulize."

Akaandika MNIKO kwa herufi ndefu, na chini yake ELKANA, RANGWE, ndogo kiasi cha kidole. Kisha akampa Bhoke funguo, zote tatu, kwa mikono miwili. Bhoke akamkabidhi bahasha yake palepale, naye akaitia mfukoni bila kuifungua. Nyangi akapanda ngazi na ndoo ya maji kuosha chokaa.

Alhamisi ile jua lilichomoza safi. Wakwe walifika na ng'ombe wao, wamepakwa vumbi la safari, vijana wao wanaimba. Bhoke alisimama kwenye mlango wa mvule, amevaa gauni lake la kanisani, mikono miwili imeshika mbao zote mbili kana kwamba mtu angeweza kuziiba hata sasa. Boaz alisimama kando ya veranda na fimbo yake. Elkana alikuwa miongoni mwa wageni, sahani magotini, hakukosa.

Fahali wa mbele alifika langoni, akapita kaburi la Mniko, akasimama. Aligeuza kichwa akautazama ukuta kwa muda mrefu, masikio mbele.

"Anasoma," Elkana akasema na mdomo umejaa.

"Yuko kwa Mniko," Bhoke akasema kutoka mlangoni. "Wewe hajakufikia."

Fahali akaingia, na wengine wote nyuma yake, na Boaz akahesabu kwa midomo bila sauti mpaka lango likafungwa. Bhoke hakuhesabu. Aliwatazama tu, kisha akaingia ndani ya nyumba yake kwa mlango mkubwa, na kwa mara ya kwanza tukasikia viti vikivutwa sebuleni.

Hotuba yangu ya 1971 bado ninayo. Elkana alipata madarasa yake mawili, na nasikia siku hizi mikataba anaisoma mpaka mgongoni mwa karatasi. Ukutani upande wa barabara hakuna neno lolote sasa, ni ukuta mtupu wenye kidirisha cha bafu. Lakini ukipanda gari Migori ukamwambia makanga unashuka kwa mama Nyangi, atakuuliza ni wapi huko. Mwambie Mlango Nyuma.